Nchi ndogo kuliko Pemba ina sera gani ya nje? Jibu kwa mwanafunzi anayeandika kuhusu Malta

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma diplomasia hapa Dar es Salaam, niko mwaka wa mwisho. Nimechagua kuandika tasnifu kuhusu sera ya nje ya Malta. Nimelelewa Pemba na siku zote nimevutiwa na visiwa vidogo vyenye dola yake. Wenzangu wananicheka. Wanasema Malta haina sera ya nje, inafuata tu kinachoamuliwa Brussels, na kwamba kule kutoegemea upande ni jina tu, maana imo ndani ya Umoja wa Ulaya na inatekeleza vikwazo dhidi ya Urusi kama wengine. Msimamizi wangu naye kaniambia nifikirie upya, labda nichukue Ujerumani au Ufaransa ambako kuna mambo ya kuandika. Pendekezo natakiwa kuliwasilisha karibuni. Je, wanasema kweli? Kama Malta ina vipaumbele vyake, ni vipi, na nitavithibitisha vipi? Nimeanza kukata tamaa."

Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa. Una hofu mbili zilizoshikana: kwamba nchi ndogo haina kauli yake duniani, na kwamba wewe utasimama mbele ya jopo ukiwa huna la kusema. Nitaanza na ya kwanza, kwa sababu ikishatulia, ya pili itakuwa nyepesi.

Kwa ufupi, usiiache Malta. Ila usiandike kuhusu "sera ya nje ya Malta" kwa ujumla wake. Hapo msimamizi wako ana hoja, nami nitaifikia.

Wenzako wametazama ramani. Wameona visiwa vyenye kilomita za mraba 316, wakati Pemba peke yake inaizidi Malta zaidi ya mara mbili. Wameona watu nusu milioni na ushei na jeshi dogo, wakahitimisha kwamba hapo hakuna cha kujadili. Lakini ukubwa unakwambia tu nchi inaweza kumlazimisha nani. Haukwambii inataka nini wala inakipataje. Malta haiwezi kumlazimisha mtu yeyote, kwa hiyo inalazimika kutafuta njia nyingine, na njia hizo ndizo unazotakiwa kuzisoma. Dola kubwa inaweza kuidharau sheria ya kimataifa kwa miaka mingi kabla haijaonja uchungu wake. Nchi ndogo sheria hiyo ikivunjika inaumia siku hiyo hiyo. Ndiyo maana utaikuta Malta, mara nyingi kuliko unavyotarajia, imeshika kalamu pale sheria inapoandikwa.

Chukua mwaka 1967. Malta ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ipate uhuru kutoka Uingereza. Mwezi Agosti ujumbe wake New York uliomba jambo jipya liingizwe kwenye ajenda ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa: nani ana haki juu ya sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote? Tarehe 1 Novemba balozi wake, Arvid Pardo, alisimama mbele ya Kamati ya Kwanza ya Baraza hilo akahutubia kikao cha asubuhi, kisha akaendelea alasiri. Alieleza kwamba teknolojia inakaribia kuyafikia madini yaliyolala kwenye vilindi, kwamba wenye vyombo watajigawia, na kwamba mataifa makubwa yataweka silaha huko chini. Akapendekeza sakafu hiyo itangazwe kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu wote.

Ufuatilie mnyororo uliotokana na hotuba hiyo. Mwezi uliofuata Baraza Kuu liliunda kamati ya nchi 35 kuliangalia jambo hilo. Mwaka 1970 likapitisha tamko la kanuni za sakafu ya bahari. Mkutano mkubwa wa Sheria ya Bahari ukafuata, na mwaka 1982 mkataba ukatiwa saini Montego Bay, Jamaika. Ibara yake ya 136 inatamka kwamba eneo hilo na rasilimali zake ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1994, na mamlaka inayosimamia eneo hilo iko Kingston. Hayo yote yalianzia kwenye ombi la ajenda la nchi ambayo wenzako wanasema haina la kusema.

Sasa jiulize kwa nini iliwezekana, maana hapo ndipo penye tasnifu. Kwanza, kila mwanachama wa Umoja wa Mataifa, awe na watu milioni mia tatu au laki tatu, ana haki ya kuomba jambo liingie kwenye ajenda. Haki hiyo haigharimu manowari. Pili, hakuna aliyeiogopa Malta. Pendekezo lile lile likitoka Washington au Moscow, upande wa pili ungelishuku papo hapo. Tatu, na hili ndilo kubwa, lilikuja wakati Baraza Kuu limejaa nchi mpya za Afrika na Asia zisizo na meli za kuchimba vilindini lakini zenye kura. Malta ilitafuta jambo ambalo maslahi yake yanafanana na ya nchi nyingi, ikaliweka mezani kabla wakubwa hawajakubaliana wao kwa wao.

Na hapa unakutana na kwetu. Kamati ya sakafu ya bahari iliyozaliwa na hoja ya Malta ndiyo ambayo mwaka 1972, ikikutana Geneva, Kenya iliiwasilishia rasimu ya vifungu kuhusu ukanda wa kiuchumi wa bahari wa maili 200, ule ambao leo unawapa Kenya na Tanzania haki juu ya samaki na gesi iliyo mbali na pwani. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilipoundwa Hamburg mwaka 1996, Joseph Warioba alikuwa miongoni mwa majaji wake wa kwanza. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye jopo Malta inamhusu nini Mtanzania, jibu unalo.

Usilipambe simulizi hilo, hata hivyo. Serikali ilipobadilika Malta mwaka 1971, Pardo aliondolewa kwenye nafasi yake. Naye baadaye alilalamika waziwazi kwamba nchi za pwani zimejimegea sehemu kubwa mno ya bahari, na urithi wa wote umebaki kidogo kuliko alivyokusudia. Mwanafunzi mzuri ataona mvutano hapo: hoja ya urithi wa wote na hoja ya ukanda wa kila mwenye pwani zilikua ndani ya kamati moja, zikivutana kamba.

Mtindo huo wa kupeleka wazo haukuishia 1967. Mwaka 1988 Malta iliomba hali ya hewa ya dunia ijadiliwe na Baraza Kuu, na Desemba mwaka huo likapita azimio namba 43/53, lililotamka kwamba mabadiliko ya tabianchi ni jambo linalowahusu wanadamu wote. Mkataba wa tabianchi wa Rio ulikuwa bado miaka minne.

Sasa kutoegemea upande. Hapa wenzako wana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kwenye tasnifu kuliko uongo mtupu. Wanadhani nchi isiyoegemea upande ni nchi inayonyamaza. Sivyo. Kutoegemea upande ni hali ya kisheria yenye maneno yake, na kazi yako ni kuyasoma maneno hayo yanakataza nini na hayakatazi nini.

Historia yake ni fupi, nayo ni ya fedha na bandari. Kwa vizazi vingi Malta iliishi kwa manowari za Uingereza. Waziri Mkuu Dom Mintoff aliporudi madarakani mwaka 1971 aliwaambia Waingereza wakitaka kubaki walipe. Baada ya mabishano makali, mwaka 1972 ulitiwa saini mkataba wa miaka saba ambapo Uingereza na washirika wake wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, walikubali kulipa pauni milioni 14 kwa mwaka. Tarehe 31 Machi 1979 wanajeshi wa mwisho waliondoka, na Wamalta huiadhimisha siku hiyo mpaka leo. Lakini kambi ikifungwa, kodi nayo inakatika, na ulinzi pia. Malta ikahitaji mtu wa kuihakikishia usalama bila kukaa ndani ya nyumba yake.

Mwaka uliofuata ikaonekana kwa nini. Agosti 1980 meli ya kivita ya Libya iliuzuia mtambo uliokuwa ukitafuta mafuta kwa niaba ya Malta katika eneo la bahari ambalo nchi zote mbili zilikuwa zikilidai. Libya hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa rafiki mkubwa wa serikali ya Mintoff. Mwezi uliofuata, Septemba, Malta na Italia zikakamilisha makubaliano: Malta inatangaza haitaegemea upande, Italia inaahidi kuilinda hali hiyo na kutoa msaada wa kiuchumi. Mwaka 1981 Umoja wa Kisovyeti nao ukaitambua. Nao mgogoro wa mpaka wa bahari na Libya ukapelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Hukumu ya mwaka 1985 haikuipa Malta ilichotaka chote. Malta iliomba mstari wa katikati kati ya pwani hizo mbili. Mahakama ikauanzia hapo, kisha ikausogeza kaskazini dakika 18 za latitudo, yaani kuelekea Malta, ikizingatia kwamba pwani ya Libya ni ndefu mno ikilinganishwa na ya kisiwa. Malta ilipoteza bahari, lakini ikapata mpaka unaoheshimiwa bila risasi kupigwa. Hiyo ndiyo bei ya kutumia sheria, na nchi ndogo huilipa ikijua inachonunua.

Mwaka 1987 kutoegemea upande kukaingizwa kwenye katiba. Kuliingia kwa mapatano ya ndani: chama cha Labour kilipata kipengele chake hicho, na chama cha Nationalist kikapata kipengele cha kuhakikisha kwamba mwenye kura nyingi anapata viti vingi bungeni, baada ya uchaguzi wa 1981 ambapo haikuwa hivyo. Ukitaka kuwaonyesha wasomaji wako kwamba sera ya nje huzaliwa nyumbani, mfano ni huo.

Ibara yenyewe inasema Malta inafuata siasa ya kutofungamana na inakataa kujiunga na muungano wowote wa kijeshi. Inakataza kambi za kijeshi za kigeni, na hairuhusu majeshi ya kigeni kutumia vituo vya kijeshi vya Malta isipokuwa katika hali chache kama vile kujilinda au kutekeleza hatua za Baraza la Usalama. Inafika mpaka kwenye karakana za meli: zinaweza kutengeneza meli za kivita zilizotolewa kwenye hali ya mapigano, kwa kiasi, lakini si za "madola makuu mawili". Maneno hayo bado yamo, ingawa moja ya madola hayo lilikwishavunjika mwaka 1991. Ni katiba inayobeba alama ya siku ilipoandikwa.

Isome ibara hiyo mwanzo hadi mwisho. Hutakuta mahali inapokataza vikwazo vya kiuchumi. Inazungumzia kambi, majeshi, miungano ya kijeshi. Kwa hiyo Malta inapokubali vikwazo dhidi ya Urusi haivunji katiba yake. Lakini pale Umoja wa Ulaya ulipoanza kulipia silaha za kuua kwa ajili ya Ukraine kupitia mfuko wake wa amani, Malta, pamoja na Austria na Ireland, ilijitenga na uamuzi huo bila kuuzuia, na mchango wake ukaelekezwa kwenye misaada isiyo ya silaha. Na katika mpango wa ushirikiano wa kudumu wa kiulinzi wa Umoja huo, Malta ndiyo mwanachama pekee aliyebaki nje. Nchi inayofuata tu Brussels haikai nje peke yake.

Siwezi kukwambia kwamba Wamalta wenyewe wanakubaliana mstari uko wapi. Mwaka 1995 serikali iliingia kwenye mpango wa NATO wa ushirikiano kwa ajili ya amani. Mwaka 1996 serikali mpya ikajitoa. Mwaka 2008 ikarudi. Wakati wa vita vya Libya mwaka 2011, Malta ilikataa kutumiwa kama kituo cha mashambulizi ya NATO, lakini ilipokea maelfu ya wafanyakazi wa kigeni waliokimbia. Februari mwaka huo marubani wawili wa Libya walitua kisiwani na ndege zao za kivita aina ya Mirage, wakisema wamekataa amri ya kuwapiga mabomu raia wa Benghazi. Serikali ya Gaddafi ilizitaka ndege zake. Malta ikazishikilia, na zikarudi Libya mwaka uliofuata, Gaddafi akiwa ameshaondoka. Tafuta magazeti ya siku hizo usome mjadala ulivyokuwa. Utaona kutoegemea upande kukiwa kazini, si kwenye karatasi.

Umoja wa Ulaya nao usiuchukulie kama bosi na mfanyakazi. Malta iliingia mwaka 2004 baada ya kura ya maoni ya 2003 ambapo asilimia 53.6 walisema ndiyo, na ilihakikisha tamko kuhusu kutoegemea kwake upande linaambatanishwa na mkataba wa kujiunga. Kwenye mambo mengi ya nje, Umoja huo huamua kwa kauli moja. Maana yake kwenye meza hiyo "hapana" ya Valletta, mji mkuu wa Malta, ina uzito ule ule wa "hapana" ya Berlin. Ndiyo maana kila linapotolewa wazo la kuhamia kwenye kura ya wingi, Malta hukaza. Ingeweza kupiga kura ya turufu, yaani kuzuia uamuzi, kila wiki, lakini nchi ndogo inayozuia mara kwa mara huchosha marafiki zake, kwa hiyo huihifadhi silaha hiyo kwa yale yanayogusa ngozi yake: kodi, meli na ulinzi. Kwa meli, kumbuka kwamba Malta ina daftari kubwa kuliko yote la usajili wa meli katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2022 ulipojadiliwa ukomo wa bei ya mafuta ya Urusi yanayosafirishwa baharini, Malta, Ugiriki na Kupro zilileta pingamizi. Unaona basi kwamba kipaumbele chake hakikuwa Urusi wala Ukraine. Kilikuwa bandari na bendera yake.

Kuna uwanja mwingine ambao Malta imeujua kwa miaka hamsini: mikutano inayoamua kwa maridhiano. Mwaka 1975, viongozi wa nchi 35, akiwemo Ford wa Marekani na Brezhnev wa Umoja wa Kisovyeti, walikuwa wanajiandaa kwenda Helsinki kutia saini. Mintoff alikataa kutoa ridhaa yake mpaka maneno kuhusu usalama wa Bahari ya Mediterania, pamoja na lengo la kupunguza majeshi katika eneo hilo, yaingizwe. Yakaingizwa. Wengi walikasirika, na hasira hiyo ni gharama ambayo lazima uitaje. Lakini hoja yake ilikuwa ya kweli: huwezi kujenga usalama wa Ulaya ukaiacha bahari inayoitenganisha na Afrika.

Na mwisho wa mwaka 2023 shirika lililozaliwa Helsinki, Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya lenye nchi 57, lilikwama. Estonia ndiyo iliyotaka kuongoza mwaka 2024, Urusi ikakataa. Ikatafutwa nchi ambayo hakuna atakayeipinga, wakaiendea Malta, zikiwa zimebaki wiki chache tu mwaka uanze. Desemba 2024 ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa mawaziri Ta' Qali, ilimruhusu Sergei Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, kuingia, akikanyaga ardhi ya Umoja wa Ulaya kwa mara ya kwanza tangu Februari 2022. Wako waliolaumu. Lakini mkutano huo uliafikiana juu ya katibu mkuu mpya, na shirika halikubaki bila uongozi. Waliomwita Malta dhaifu walilazimika kukubali kwamba wakati ule hapakuwa na mwenye nguvu aliyeweza kuifanya kazi hiyo.

Baraza la Usalama ndilo eneo ninalopenda ulichunguze kwa karibu. Malta ilikaa humo 2023 na 2024, na ilipewa uenyekiti wa kikundi kazi kinachohusu watoto katika vita. Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, Baraza lilijaribu kupitisha azimio likashindwa, rasimu baada ya rasimu: ya Urusi haikupata kura za kutosha, ya Brazil ikapigwa turufu na Marekani, ya Marekani ikapigwa turufu na Urusi na China, na nyingine ya Urusi nayo ikaanguka. Malta ikaandika rasimu iliyojengwa juu ya watoto: kusitisha mapigano kwa muda kwa ajili ya misaada, njia salama za kuwafikia raia, kuachiwa kwa mateka, hasa watoto. Haikujaribu kuamua nani mkosaji wa vita. Tarehe 15 Novemba ilipita kwa kura 12, hakuna aliyepinga, Marekani, Uingereza na Urusi zikijizuia kupiga kura. Ndilo azimio namba 2712, la kwanza la Baraza kuhusu vita hivyo.

Angalia ufundi wake. Marekani na Uingereza zilijizuia kwa sababu halikulaani Hamas. Urusi ilijizuia kwa sababu halikudai mapigano yakome kabisa. Wote watatu walikuwa na sababu ya kutolipenda, na hakuna aliyekuwa tayari kuonekana analiua azimio la watoto. Lakini andika pia kwamba mapigano yaliposimama kwa muda kuanzia tarehe 24 Novemba, waliosuluhisha walikuwa Qatar, Misri na Marekani. Azimio lilifungua mlango wa kisheria. Hatujui ni kiasi gani cha damu kilichozuiwa nalo, na usidai zaidi ya ushahidi wako.

Msimamizi wako akikuuliza mapungufu, usiyafiche. Malta inasimamia eneo la uokoaji baharini la takriban kilomita za mraba 250,000, mamia ya mara ya ardhi yake, na imekataa kuridhia marekebisho ya 2004 ya mikataba ya uokoaji yanayoibana zaidi nchi inayosimamia eneo kuhakikisha waliookolewa wanapata pa kushushwa. Kwa hiyo imekuwa ikigombana na Italia kuhusu boti za wahamiaji, na mwaka 2020 ilifunga bandari zake na watu wakarudishwa Libya kwa boti za binafsi. Kati ya wanaofika kwa boti hizo wamo Wasomali na Waeritrea wengi, watu wa upande wetu wa Afrika. Nchi iliyowaambia walimwengu bahari ni ya wote inapaswa kuulizwa swali gumu hapo, na mimi ningeliuliza bila kumung'unya maneno. Vivyo hivyo biashara ya kuwauzia uraia matajiri: tarehe 29 Aprili 2025 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mpango huo ulikiuka sheria za Umoja. Malta ilikuwa imeushikilia mpango huo kwa miaka ikisema ni hiari yake.

Basi vipaumbele ni vipi? Mediterania, hasa Libya na njia za kuvuka. Sheria ya bahari na meli. Umoja wa Ulaya kama mwamvuli wa kiuchumi. Na kule kukubalika na pande zote kunakoipa kazi pale wengine wanapozuiana. Jumuiya ya Madola inafuata kwa mbali, ingawa Malta iliwapokea wakuu wa nchi zake mwaka 2005 na 2015.

Nikirudi kwa msimamizi wako: ana haki kusema mada ni pana. Tasnifu ya shahada ya kwanza haiwezi kubeba yote niliyoyataja. Una njia tatu. Ya kwanza ni kutoegemea upande na katiba ya 1987. Ni nzuri, lakini inadai usome sheria na vyanzo vingi vya ndani ya Malta, baadhi kwa Kimalta. Ya pili ni azimio 2712. Kumbukumbu za vikao ni wazi na zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa, ila mazungumzo ya faragha yaliyolizaa hayajachapishwa, na utajikuta unakisia. Ya tatu ni Malta na sheria ya bahari kati ya 1967 na 1972, ukiifuata hoja kutoka hotuba ya Pardo mpaka rasimu ya Kenya Geneva. Hati zote mbili zipo, hotuba ya Pardo imenukuliwa kikao kwa kikao, na utaandika jambo linaloigusa pwani ya kwenu. Mimi ningechukua hii ya tatu bila kusita.

Kuna mambo hayawezi kumalizwa kwa jibu la maandishi kama hili. Kama utachagua katiba, kaa na mhadhiri wa sheria za kimataifa kabla hujaandika sura ya pili. Kutafsiri ibara bila mwongozo ndiko kunakowaangusha wengi. Kama unataka mahojiano, nenda wizarani ukaulize ni ubalozi wetu upi unaoiwakilisha Tanzania huko Malta, na uwe na barua ya chuo mkononi. Uliza pia nani katika ofisi za bahari na bandari aliyesoma kwenye taasisi ya kimataifa ya sheria ya bahari iliyoko Malta tangu 1988. Imewafundisha wanasheria wa serikali kutoka nchi nyingi za Afrika, na mtu kama huyo atakueleza kwa saa moja yale ambayo vitabu vitakuchukua wiki.

Kwa msimamizi usiende kubishana. Mpelekee ukurasa mmoja: swali moja la utafiti, hati mbili za mwanzo ambazo umeshazipakua na kuzisoma, na sentensi moja ya kile unachodhani utakikuta. Msimamizi anayeogopa mada tupu hutulia akiona hati mezani. Akikataa hata hapo, mwombe akueleze ni nini hasa kinachopungua, kisha umwone mratibu wa tasnifu wa idara kabla tarehe haijafika, si baada yake. Na pendekezo likishakuwa na sura, niletee nilisome.